Tulivyomkalisha mama kitako kwa khofu ya kuanguka, na tunavyomnyanyua sasa

Mpemba wa Mtambwe (mleta uzi)

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Naomba mnistahamilie kwa urefu wa maandishi haya, kwa sababu jambo lenyewe limetuchukua karibu miaka miwili kulifahamu, na nisingependa nyumba nyengine ipite tulimopita sisi.

Mama yetu ana umri wa miaka 74 na anaishi Mtambwe, upande wa Wete, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Mpaka mwaka juzi alikuwa akienda shamba kuchimba muhogo wake mwenyewe, akishuka pwani kuokota kombe na chaza maji yanapokupwa, na akikuna nazi juu ya mbuzi kila siku ya Mungu. Usiku mmoja wa masika, akitoka chooni, kandambili ilimteleza kwenye saruji iliyorowa, akaangukia mkono. Mkono haukuvunjika, kifundo kiliteguka, kikavimba, na baada ya wiki tatu kikapoa. Hayo ndiyo madhara yote aliyoyapata kwa kuanguka. Yaliyofuata tuliyafanya sisi watoto wake, kwa mapenzi.

Tulikaa ndugu watano tukakubaliana kwamba mama asifanye tena kazi yoyote. Mbuzi ya kukunia nazi ilipelekwa kwa jirani, jembe likatiwa darini, na mjukuu mmoja akahamishiwa pale ili amletee kila anachokitaka. Kwenye mswala wake tuliweka kiti. Kila aliponyanyuka kulikuwa na sauti inayomwambia, "Kaa kitako, mama, utaanguka." Majirani walitusifu kwamba tunajua kumtunza mzazi, na mimi ninayeishi Unguja, nilipoambiwa kwenye simu kwamba mama sasa hanyanyui hata kijiko, nilimshukuru Mungu.

Nilipokwenda kwa Sikukuu ya Idi, miezi minane baadaye, nilimkuta amekaa mkekani. Alitaka kusimama anipokee. Aliweka mkono wa kulia chini, akakunja goti, kisha akaganda hivyo hivyo huku macho yake yakitafuta mtu wa kumshika. Ilibidi tumnyanyue watu wawili. Alipoelekea chumbani alikwenda ubavu ubavu, akiburura kiganja ukutani, na juu ya chokaa nikauona mstari mweusi, mwembamba, unaotoka mlango wa ukumbi mpaka mlango wa chumba, kwa kimo cha bega lake. Ndipo nilipofahamu kwamba kwa muda wote ule mama alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, na hakuna aliyenieleza kwa sababu hakuna aliyeliona kuwa ni tatizo. Katika miezi hiyo minane hakuanguka hata mara moja, lakini miguu ilikuwa imekwisha.

Bwana mmoja wa tiba ya viungo, ambaye tulimpata kupitia jamaa, alikuja nyumbani kumtazama. Nilitarajia aanze na goti, lakini alianza na maswali. Alituambia kwamba khofu ya kuanguka ni hali inayojulikana kitaalamu, na kwamba tangu mwaka 1982 Murphy na Isaacs, huko Uingereza, walikwisha kuandika juu ya wagonjwa wazee 36 walioanguka, wakaeleza jinsi wengi wao walivyokuwa wakikamata na kung'ang'ania kila kilicho karibu nao wasiweze kutembea wenyewe. Nikaukumbuka ule mstari wa ukutani. Akasema pia kwamba mwaka 1990 Mary Tinetti na wenzake, huko Marekani, walitunga kipimo cha maswali juu ya shughuli kumi za kila siku, kama vile kuoga, kuvaa nguo, kuingia na kutoka kitandani, kukaa kitini na kunyanyuka, kwenda kufungua mlango na kutayarisha chakula chepesi, na kwa kila shughuli mzee huulizwa ana yakini kiasi gani kwamba ataifanya bila ya kuanguka. Mama aliulizwa moja baada ya moja. Kwa nne za mwanzo alijibu, "Naweza, lakini watoto hawataki." Ya tano ilikuwa kuoga. Alinyamaza, akatazama chini, akasema, "Na mimi mwenyewe sasa naogopa."

Yule bwana alitufafanulia jinsi mambo yanavyozunguka. Mtu anaanguka, au anaona mwenziwe ameanguka, maana wapo wenye khofu hii ambao hawajaanguka kamwe. Anaogopa, anapunguza kutembea. Msuli usiotumika hunywea, na kwa mtu mzima hunywea haraka na hurudi polepole. Mizani ya mwili nayo hupotea kwa kukosa kutumika. Anapotembea mara moja moja anayumba, na kule kuyumba kunamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa, basi anakaa zaidi. Watu wa nyumbani wakiwa waoga kuliko mwenyewe, kama tulivyokuwa sisi, mzunguko huo unakwenda mbio.

Nitaeleza tulilolifanya, lakini kwanza ningependa kuwasikia wenye uzoefu, hasa wauguzi na wazee wenyewe.

Muuguzi Mstaafu

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini, na mama wa aina hiyo nimewapokea wengi, wakiletwa mikononi kama watoto wachanga na watoto wao wakisema kwa fahari kwamba hawamwachi afanye kitu.

Hata hivyo, khofu hiyo haina budi kupewa heshima yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Waliopindukia miaka 60 ndio wanaofariki zaidi. Kwa hivyo mama yako haogopi kivuli chake, na msimwambie kwamba khofu yake ni ya upuuzi.

Ninalotaka kuongeza ni kwamba kabla ya kumwambia mzee afanye mazoezi, tafuteni kwanza kwa nini alianguka, na msikubali kuambiwa kwamba ni uzee tu. Muulizeni kama huona kizunguzungu anaponyanyuka kitandani. Wako watu ambao shinikizo lao la damu hushuka ghafla wanaposimama, na hilo hupimwa kwa urahisi katika kituo chochote cha afya: anapimwa akiwa amelala, kisha anapimwa tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama, na namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari lazima ajue. Wengi wa wazee wetu wanatumia dawa za presha, na baadhi yao wanatumia ile inayomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Akiimeza jioni, itamwamsha usiku wa manane aende chooni gizani, na huko ndiko wanakoanguka. Muulizeni daktari kama inaweza kuhamishiwa asubuhi, lakini nakuombeni sana, asiwepo wa kumwachisha mzee dawa ya presha kwa sababu amesoma maneno yangu hapa. Kiharusi nacho huangusha.

Dawa za usingizi ni balaa jengine. Nimewaona wazee waliopewa vidonge vya kulalia kwa wiki mbili wakavitumia miaka mitano, kwa kuwa dukani huuzwa bila ya kuulizwa. Ikifika alfajiri kidonge hicho huwa bado hakijaisha mwilini. Mzee anapoamka kwenda kutawadha, kichwa bado kimelala. Wenye kisukari cha muda mrefu hupoteza hisia za nyayo, wakawa wanakanyaga sakafu wasiyoisikia. Na wenye mtoto wa jicho hawaioni ngazi ya mwisho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mdogo na mtu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, lakini utamsikia mtu akisema kwamba mzee hana haja ya macho kwa vile hasomi wala hatoki. Basi hatoki kwa sababu haoni.

Binti wa Jang'ombe

Ndugu Mpemba, nimeyasoma maneno yako na nimeumia, kwa sababu mimi nina kisa kinachokwenda kinyume na chako. Shangazi yangu, aliyenilea, alikuwa hakubali kukaa. Tulimwachia afanye atakavyo, kwa kuwa tulisema kazi ndiyo iliyompa umri. Akiwa na miaka 79 alibeba ndoo ya maji kutoka mferejini, akajikwaa, akavunjika nyonga. Alilala kitandani, akapata vidonda vya mgongo, kifua kikambana, na kabla ya miezi minne kumalizika tulimzika. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuipokea ile ndoo mkononi mwake.

Naomba tusije tukawafanya watu waamini kwamba kumlinda mzee ni makosa. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na sioni ubaya wa mtu wa umri huo kukaa akapumzika akahudumiwa na wanawe. Amefanya kazi miaka yake yote.

Mpemba wa Mtambwe

Dada yangu, Allah amrehemu shangazi na akulipe kheri kwa kumuuguza. Nimekaa na maneno yako tangu jana usiku kabla ya kujibu, kwa sababu kisa chako kingeweza kuwa changu na changu kingeweza kuwa chako.

Sidhani kama tunapingana. Ndoo ya lita ishirini katika mkono mmoja wa mtu wa miaka 79, juu ya njia yenye mawe, ni mzigo ambao ungefaa kupokewa, na hata leo mama hatumwachii abebe ndoo nzima. Tofauti niliyojifunza ni kati ya kumwondolea mzee hatari na kumwondolea mwendo. Sisi tuliondoa mwendo wote, na hatari tukaziacha pale pale: saruji ya chooni iliendelea kuteleza, taa ya ukumbini ilikuwa imeungua tangu wakati wa karafuu, na kandambili alizovaa zilikuwa zimesagika nyayo mpaka zikang'ara kama sahani. Hebu fikiria, tulimkalisha mtu miezi minane lakini hatukumnunulia viatu.

Kwa hivyo tulianza na nyumba. Fundi aliichokoa saruji ya mlangoni mwa choo ikawa na makwaruzo, akafunga bomba la chuma ukutani kwa kulijengea ndani kwa saruji, maana msumari kwenye ukuta wa mawe na udongo hutoka siku ile ile unayohitajiwa. Tuliweka taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha kati ya chumba na choo. Mkeka uliokuwa umekunjika pembe tuliutoa njiani. Kitanda chake, ambacho ni kile cha zamani cha samadari alichoozwa nacho, kilikuwa kirefu kiasi kwamba akikaa ukingoni nyayo hazigusi chini. Tulimwomba ruhusa, tukaikata miguu ya kitanda kwa kipimo cha shubiri moja. Aliridhia baada ya siku tatu za kufikiri. Viatu alichagua mwenyewe, vyenye mkanda nyuma ya kisigino na soli yenye meno. Alitaka makubadhi, kwa mazoea ya ujanani, na tukashindana naye kidogo katika hilo.

Kuhusu kupumzika, dada, mama alikuwa hapumziki. Alikuwa anasubiri, anasubiri maji na chakula viletwe na mtu aje kumnyanyua, na nilipomuuliza siku zilikuwaje alinijibu kwamba zilikuwa ndefu.

Mzee wa Mkunazini

Wanangu, assalaam alaykum. Nina miaka 72, nakaa Mji Mkongwe ghorofa ya pili, katika nyumba yenye ngazi za mbao ambazo kila mwenye kuzijua anajua zilivyo wima. Mmezungumza juu ya wazee, basi niruhusuni nizungumze nikiwa ndani ya uzee wenyewe.

Mimi sijaanguka. Aliyeanguka ni rafiki yangu, mbele ya macho yangu, kwenye uchochoro uliorowa baada ya mvua ya vuli. Tangu siku ile nikishika ngazi kuteremka, mwili wangu wote unakuwa mgumu kama gogo. Macho yanashuka kwenye vidole vya miguu na hayataki kunyanyuka. Hatua inakuwa fupi, nusu ya mguu tu. Pumzi naishikilia mpaka nifike chini. Nimegundua kwamba mtu anayetembea hivyo yuko karibu zaidi na kuanguka kuliko anayetembea huru, kwa kuwa haoni kinachokuja mbele yake na mwili uliokakamaa haujui kujiokoa. Lakini kulijua jambo hilo hakuniondolei khofu.

Nikaanza kuacha kushuka. Kwanza niliacha kwenda barazani kunywa kahawa baada ya Isha, kwa kisingizio cha usingizi. Kisha swala ya Alfajiri msikitini, kwa kisingizio cha giza. Ikafika wakati siku ya kulipwa Pensheni Jamii, ile iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa sisi tuliofikia miaka 70, ndiyo siku pekee katika mwezi ninayoteremka, na huteremka nikiwa na mjukuu mbele na mjukuu nyuma.

Niseme jambo ambalo wengi wa rika langu hawatawaambieni watoto wao. Maumivu naweza kuyastahamili, nimeyaona mengi. Kilichonitia ndani ni aibu. Nilikuwa naiona picha yangu mwenyewe nimelala kifudifudi uchochoroni, kikoi kimenivuka, kofia imebingirika, na vijana wananikusanyikia wakisema "maskini mzee". Picha hiyo ilikuwa inanijia kila nikiushika mlango. Mtoto akija akakwambia "kaa tu, baba, usitoke", anakuwa amekupa ruhusa ya kuikimbia aibu hiyo, na wewe unaipokea kwa mikono miwili huku ukijifanya umekasirika.

Kilichonisaidia ni yule yule rafiki yangu aliyeanguka. Alipopona alikuja chini ya dirisha langu akaniita kwa jina langu la utotoni, kila siku baada ya jua kutoka, mpaka nikaona haya zaidi kwa kutoteremka. Tulianza kwa kwenda hadi kona na kurudi. Siku hizi tunafika Forodhani, tunakaa, tunatazama majahazi, tunarudi. Ngazi bado naziogopa, lakini naziteremka mara mbili kwa siku.

Muuguzi Mstaafu

Kaka yangu, umenena jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kazi nililiona usoni mwa wagonjwa bila ya kulisikia likitamkwa. Ahsante sana.

Naomba nigusie mazoezi, kwa sababu watu hudhani kutembea kunatosha. Kutembea kuna faida nyingi za moyo, sukari na nafsi, na rafiki wa kutembea naye ana thamani kubwa. Lakini kwa kuzuia kuanguka, kinachohitajika zaidi ni nguvu za miguu na mazoezi ya mizani. Mwaka 2019 ulitoka uchambuzi mkubwa wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio 108 kutoka nchi 25, yakiwa na washiriki zaidi ya 23,000, na matokeo yake ni kwamba mazoezi hupunguza idadi ya maanguko kwa kiasi cha asilimia 23. Hakuna kidonge ninachokijua kinachofanya hivyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba waliofikia miaka 65 wafanye mazoezi ya mizani na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki, pamoja na mwendo wa wastani wa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Dakika 150 zisimtishe mtu. Ni dakika 30 kwa siku tano, na asiyeziweza aanze na tano.

Hapa kwetu Zanzibar kuna kitu ambacho nchi nyingi hazina. Kila tarehe 1 Januari tuna Siku ya Mazoezi, na vikundi vya mazoezi vinajaa barabara tangu alfajiri, Unguja na Pemba. Ninachokitamani ni kuona ndani ya vikundi hivyo safu ya wazee yenye mazoezi yanayowafaa wao. Kijana wa miaka 25 anakimbia kutoka Maisara. Bibi yake naye apewe dakika ishirini za kusimama na kukaa kitini, na zihesabiwe kuwa ni mazoezi kamili.

Maalim wa Chake Chake

Assalaam alaykum nyote. Naomba ufafanuzi juu ya kiti cha kuswalia ambacho mleta uzi amekitaja. Msikitini kwetu viti vimeongezeka sana, na baadhi ya wanaovitumia nawaona sokoni wakichuchumaa kuchagua samaki. Sitaki kumhukumu mtu, lakini nataka kujua upande wa afya unasemaje.

Mpemba wa Mtambwe

Maalim, kiti ni rukhsa iliyo wazi, na wewe unaijua kuliko mimi: Mtume (S.A.W.) alimwambia Imran bin Huswayn aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Mama hakuwa ameshindwa. Sisi ndio tuliomshindisha.

Yule bwana wa tiba ya viungo alimwomba mama amwoneshe alivyokuwa akiswali zamani, kisha akatuuliza kama tumewahi kuhesabu. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, na ukijumlisha kusimama kwa rakaa inayofuata na kule kunyanyuka mtu anapomaliza na kuondoka, mwenye kuswali kwa kusimama na kusujudu hunyanyuka kutoka sakafuni mara 17 kwa siku, bila ya kuhesabu sunna. Zidisha kwa miezi minane. Hizo ndizo nyanyuko tulizomnyima, na ndiyo maana siku ya Idi alikwama mkekani.

Kurudi kwake hakukuwa kwa siku moja. Mwanzo alibaki na kiti, lakini akawa anakitumia kama zoezi: anakaa, anasimama bila ya kushika, mara tano, anapumzika, mara tano tena. Baada ya wiki sita alikuwa anafika kumi mfululizo. Kwa mizani alisimama kwenye fremu ya mlango, mikono karibu na mbao bila ya kuziegemea, akaweka mguu mmoja mbele ya mwengine, kisigino kikigusa vidole, akahesabu mpaka kumi. Alisimama kwa vidole, akasimama kwa visigino, akaenda ubavu kando ya ukuta uso ukiwa mbele. Mjukuu alikuwa nyuma yake, mikono tayari, mdomo umefungwa. Hilo la mdomo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa mjukuu na kwa sisi sote. Neno "utaanguka" tulilipiga marufuku nyumbani. Sujudi ya kwanza ya sakafuni aliifanya mwezi wa nne wa mazoezi, katika rakaa mbili za Alfajiri tu, kitanda kikiwa ubavuni mwake cha kushikia.

Binti wa Jang'ombe

Nimerudi, na nashukuru kwa majibu. Mama yangu mzazi sasa ana miaka 68, na baada ya kusoma uzi huu nimegundua kwamba nimemtia ndani kwa ajili ya yaliyomkuta shangazi. Nina swali moja linalonizuia. Mimi nashinda kazini. Akianguka nami sipo, itakuwaje?

Mpemba wa Mtambwe

Dada yangu, swali hilo ndilo lililotukosesha usingizi sisi pia, na jibu tulilopewa lilitushangaza: mfundisheni kunyanyuka kutoka chini. Wazee wengi wanaoanguka hawavunjiki kitu, lakini hawajui watasimama vipi, wakalala sakafuni saa nyingi, na kule kulala kwa muda mrefu kunaweza kudhuru kuliko pigo lenyewe. Na sehemu kubwa ya khofu, kama alivyosema Mzee wa Mkunazini, ni ile picha ya mtu amelala chini.

Akianguka asikurupuke. Alale, avute pumzi, ajikague. Akisikia maumivu makali nyongani au mguu haukubali kusogea, asijilazimishe. Agonge sakafu au ukuta, aite, ajifunike kwa kanga asipigwe na baridi. Akiwa salama, ajigeuze ubavu, ajisukume kwa kiwiko, aje kwenye magoti na viganja, atambae mpaka kwenye kitu kisichoyumba, kama kitanda au baraza. Aweke mikono miwili juu yake, alete mbele mguu wenye nguvu, unyayo uwe chini sawasawa, asukume, kisha ageuke akae. Apumzike pale kabla ya kusimama. Mwenye nyonga iliyowahi kuvunjika au magoti mabovu aoneshwe na mtaalamu kwanza. Simu ndogo iwe shingoni kwa kamba, isiwe juu ya kabati, na jirani mmoja awe na ufunguo.

Mama tulimfundisha mkekani, mchana, akiwa hajaanguka, na mjukuu akafanya pamoja naye ili asione haya. Siku ya kwanza ilimchukua muda mrefu, akapumzika mara tatu njiani. Alipokaa kitandani alikuwa ametoka jasho, na alituambia tutoke sote chumbani. Tulidhani amekasirika. Tukiwa ukumbini tukasikia akishuka tena chini, polepole, kisha akitambaa, kisha kitanda kikalia. Alirudia mara mbili peke yake.

Wiki iliyopita alimtuma mjukuu kwa jirani kuirudisha mbuzi yake. Tumeiweka karibu na mlango ili apate fremu ya kushikia anaponyanyuka, kwa kuwa kikalio chake ni cha chini. Dada aliyeko huko amenipigia simu jana jioni kunieleza kwamba alikuna nazi mbili, na ya tatu akamwachia mjukuu akisema mkono umechoka. Miguu hakuitaja.